Babylon 5 irudi kwa katuni, au iachwe ilivyo?

MwanaShela

Assalam aleikum wandugu wa Malindi, Mambrui, Lamu na popote mlipo.

Nataka Babylon 5 irudi, na nataka irudi kwa katuni. Sisemi filamu moja kama ile ya 2023. Nasema mfululizo kamili wenye misimu, mtu aufuate wiki kwa wiki.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuikuta: ni tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 1994 hadi 1998, misimu mitano, vipindi 110, baada ya filamu ya majaribio ya 1993. Mambo yote yanazunguka kituo cha angani chenye urefu wa maili tano na wakaazi robo milioni, binadamu na viumbe wa sayari nyingine. Kituo hicho ni cha tano. Vitatu vya mwanzo viliharibiwa kwa hujuma, cha nne kikatoweka saa 24 baada ya kuanza kazi, na bado wakajenga tena. Kila taifa kubwa lina balozi wake pale, na chini kabisa, mbali na ofisi za mabalozi, kuna watu waliokuja kutafuta riziki wakaikosa na sasa hawana nauli ya kurudi makwao.

Hapo ndipo iliponishika. Mimi ni mtu wa bandari. Mji wetu mwaka 1415 ulifikisha wajumbe wake China na zawadi ya twiga kwa mfalme, na mwaka 1498 ukampokea Vasco da Gama na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Kwetu si jambo geni kwamba anayetia nanga leo kwa salamu huenda kesho akarudi na mizinga. Katika hadithi zote za anga nilizoziona, hii ndiyo inayoyajua maisha hayo: mgomo wa makuli wa gati, magendo, wakimbizi wanaoshushwa usiku, balozi anayeandaa karamu huku nchi yake inapanga vita. Hadithi nyingine za anga zinasafiri. Hii inakaa mahali pamoja, na dunia ndiyo inayoijia.

Sababu ya kutaka katuni ni nzito na haina furaha. Waigizaji wake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Richard Biggs aliyekuwa Daktari Franklin alifariki 2004. Andreas Katsulas, G'Kar wetu, yule balozi wa Narn, 2006. Jeff Conaway 2011, Michael O'Hare 2012, Jerry Doyle 2016, Stephen Furst 2017, Mira Furlan 2021. Huwezi kuwakusanya tena mbele ya kamera. Lakini hadithi yao ina sehemu kubwa ambayo haijawahi kuonyeshwa, na katuni ndiyo njia iliyobaki wazi.

Semeni.

Kaka_wa_Maweni

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nakuheshimu, ila hapa napingana nawe moja kwa moja.

Orodha uliyoiandika ndiyo sababu yangu ya kusema iachwe. Babylon 5 haikuwa meli na mizinga. Ilikuwa nyuso. Nenda kakitazame tena kile kipindi cha msimu wa pili ambapo taifa la Centauri linaiponda sayari ya Narn, mahasimu wao, kwa mawe makubwa kutoka angani. Silaha ile imepigwa marufuku na kila taifa. Londo, balozi wa Centauri, amesimama dirishani kwenye meli ya kivita, na yeye ndiye aliyesaidia kuifikisha siku hiyo. Kamera haimfuati mtu anayekufa. Inamtazama Londo kupitia kioo, mawe yanashuka, na Peter Jurasik anayemwigiza hasemi neno. Macho tu. Unaona mtu akielewa kwamba alichokitaka amekipata na hakitarudishika.

Sasa nichoree hicho. Nichoree mtu asiyesema, asiyesogea, anayevunjika ndani.

Na ile ya msimu wa tatu, Londo na G'Kar wamekwama kwenye lifti, moto unakuja. Kuna sheria ya wavamizi kwamba Narn akimuua Centauri mmoja, Narn 500 watauawa. Kwa hiyo G'Kar hawezi kumgusa. Anachoweza ni kukaa chini na kungoja wafe pamoja, na anacheka. Katsulas alikuwa amefunikwa uso mzima kwa mpira na rangi, madoa madoa, macho mekundu, na bado kicheko kile kilitoka na uchungu wote wa taifa lake. Anayeweza kulirudia hilo hayupo tena duniani.

BintiMambrui

Kaka wa Maweni, umeniliza asubuhi asubuhi.

Mimi niliiona ile filamu ya katuni ya 2023, The Road Home. Nitasema nilichokiona, maana naona mjadala unaweza kwenda bila mtu kuigusa. Imeandikwa na J. Michael Straczynski mwenyewe, aliyeibuni Babylon 5, ikaongozwa na Matt Peters, kampuni ni Warner. Sheridan, aliyekuwa mkuu wa kituo, anapoteza nanga yake katika wakati, anatupwa huku na huku, mara uzee, mara maisha ambayo hayakuwa yake. Bruce Boxleitner amerudi kuwa Sheridan. Claudia Christian amerudi, Peter Jurasik amerudi, Bill Mumy, Patricia Tallman na Tracy Scoggins pia. Waliofariki wamepewa sauti mpya.

Kwa hao wapya nitasema bila kuficha. Garibaldi mpya, yule mkuu wa usalama, sikuwa na shida naye. Delenn mpya, yule balozi wa Minbari, ana upole unaotakiwa, ila kuna mvuto fulani katika matamshi ya Mira Furlan, yule mama wa Zagreb, ambao haukuigwa na sidhani unaigika. G'Kar nilimsikiliza kwa roho ngumu. Ni sauti nzuri, imeshika uzito, lakini sikumwamini mpaka karibu na mwisho.

Kilichonishangaza ni kwamba sauti ya Boxleitner mwenyewe imezeeka. Ni mtu wa 1950. Mchoro unamwonyesha kijana na koo linasema mzee. Kwa hiyo hata aliye hai hakurudi vile vile, na bado niliridhika naye zaidi kuliko wote. Nadhani sikio linasamehe uzee. Linachokataa ni kuigiwa.

Kwa hiyo mimi niko katikati: katuni ndiyo, lakini wasiwaige marehemu. Mtu mpya amchukue G'Kar kwa njia yake, kama muigizaji mpya wa jukwaani anavyochukua nafasi ya zamani bila kumwiga aliyetangulia.

Mchoraji_wa_Barani

Hii ndiyo kazi inayonilisha, basi niruhusuni niingie.

Kaka wa Maweni ameuliza swali la kitaalamu: mtu asiyesogea anachorwaje? Kwa kweli hilo ndilo gumu kuliko mapigano yote. Kipindi cha dakika 22 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 31,680. Wachoraji wengi hushikilia kila mchoro kwa picha mbili, kwa hiyo michoro 15,840. Bajeti ikiwa ndogo, mtayarishaji hukata pale pale: wacha uso usimame, sogeza mdomo tu. Uso wa aina hiyo ni maiti, mtazamaji anauhisi hata kama hajui sababu. Uso ulionyamaza na ukawa hai unataka kope ishuke nusu, taya likaze, pumzi ipande begani, kila kimoja kwa wakati wake. Mimi na mwenzangu tulipewa mzee wa kuchora akisikiliza habari ya msiba, sekunde chache tu za mzee kukaa kitako. Ilituchukua muda mrefu kuliko tukio zima la soko lililotangulia, lenye punda, watu na mikokoteni. Mteja alipoliona lile la mzee alinyamaza, na hilo la soko hakulitaja.

Kwa hiyo dirisha la Londo linachoreka. Ila lipewe pesa na lipewe mtu anayejua uzee.

Pili. Watu wanazungumza kama Babylon 5 na katuni ni vitu viwili. Meli zile, lango la kurukia, kituo chenyewe kikizunguka, vyote vilitengenezwa ndani ya kompyuta tangu siku ya kwanza. Wakati huo wengine wakipiga picha vinyago vya meli vilivyojengwa kwa mikono, Ron Thornton na wenzake wa Foundation Imaging walitumia kompyuta za Amiga na programu ya LightWave, na ile filamu ya majaribio ikapata tuzo ya Emmy ya picha maalumu. Vita vya angani mlivyovipenda ni uhuishaji. Kinachoombwa hapa ni kuufikisha hadi kwenye watu.

Na kuna hasara moja iliyotokea kwa sababu ya teknolojia hiyo. Waigizaji walipigwa kwa filamu pana, lakini picha za kompyuta zilitengenezwa kwa runinga za mraba za wakati ule. Toleo lililosafishwa la 2021 likabidi lirudi kwenye umbo la mraba ili lipendeze. Picha zilizozeeka hivyo hakuna wa kuzichora upya. Mfululizo mpya utazipa meli zile sura inayozistahili.

MwanaShela

Ahsante sana Mchoraji, umenisaidia mzigo mzito.

Naongeza jambo ambalo watu hulisahau kuhusu Straczynski. Alikulia kazini kwenye katuni. Kabla ya Babylon 5 aliandika He-Man na She-Ra miaka ya 80, kisha akawa mhariri wa hadithi wa The Real Ghostbusters. Kuandika kwa ajili ya michoro anakujua tangu ujana wake. Na Babylon 5 ni mali ya kalamu yake: kati ya vipindi 110 ameandika 92, na msimu wa tatu na wa nne ni vyake vyote.

Sasa nije kwenye kile nilichokiita sehemu ambayo haijaonyeshwa. Hadithi ilipangwa kwa miaka mitano tangu awali. Mwaka wa nne ulipokaribia, mtandao wa runinga uliokuwa ukiionyesha ulikuwa unakufa, na haikujulikana kama kutakuwa na wa tano. Akabana. Vita na Vivuli, wale viumbe wa kale wa giza, vilivyojengwa kwa miaka, vikamalizwa mwanzoni mwa msimu wa nne, halafu vita vya kuikomboa Dunia vikafuata mbio mbio. Ndipo runinga ya TNT ikauokoa msimu wa tano, na ukaanza taratibu kwa sababu makubwa yalishamalizwa. Kila aliyeufuata ameuona mshono huo.

Na Vita vya Wasoma Nia, wale binadamu wanaosoma mawazo ya wengine? Tuliandaliwa kwavyo tangu mwanzo. Bester na kikosi chake wakiwasaka wenzao, watoto wanaochukuliwa kwa wazazi, wanaokataa wanadungwa dawa ya kuua kipawa mpaka roho inazimika. Mwishoni Lyta, msoma nia aliyewakataa, anaondoka kituoni pamoja na G'Kar, na kila mtu anajua anakwenda kutafuta silaha na watu. Halafu tunaambiwa tu katika Crusade, tamthilia ya mwendelezo ya 1999, kwamba vita vilishapiganwa. Crusade yenyewe ikafa baada ya vipindi 13. Vita vikubwa hivyo tumevisikia kama habari za jirani! Hivyo ndivyo ninavyovitaka. Patricia Tallman, Lyta mwenyewe, yupo, sauti yake tumeisikia 2023.

Mkaazi_wa_Mkomani

Salaam kutoka Amu. Nafuata kimya tangu asubuhi.

Kwa nini kuhangaika na sauti mpya? Kuna saa nyingi za sauti ya Katsulas zimerekodiwa. Akili unde siku hizi inajifunza sauti ikasema chochote. Wapewe ridhaa na familia, walipe, tumsikie G'Kar mwenyewe.

BintiMambrui

Hapana, ndugu yangu wa Amu. Hapana kabisa.

Katsulas alipokuwa akicheka kwenye ile lifti aliamua kucheka. Aliamua wapi pumzi ikatike. Ukimpa mashine saa zote za sauti yake, itakupa koo lake bila uamuzi wake. Familia inaweza kutoa ruhusa ya jina na mali, haiwezi kuigiza kwa niaba yake.

Na hili si la nadharia. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, na moja ya madai makubwa lilikuwa hilo hilo, studio zisichukue sura na sauti zao zikazitumia bila idhini na malipo. The Road Home ilitoka Agosti, katikati ya mgomo huo. Tamthilia iliyotufundisha kuwaheshimu makuli waliogoma haiwezi kurudi kwa kumfanyisha kazi marehemu.

Mkaazi_wa_Mkomani

Nimekusikia dada. La ridhaa ya marehemu sina jawabu lake. Lakini nabaki na dukuduku: ukinipa G'Kar mwenye sauti nyingine, mimi binafsi nitamwona mtu mwingine. Basi bora hadithi mpya, watu wapya, kituo kile kile miaka mia baadaye.

Mzee_wa_Ngomeni

Wanangu, salaam. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mazungumzo haya.

Sisi wa Ngomeni anga hatukuijulia kwenye runinga. Waitaliano walisimamisha majukwaa yao baharini mbele yetu, na kuanzia 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka pale. Disemba 12 mwaka 1970, sikukuu ya uhuru, waliirusha satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, wakaiita Uhuru. Nilikuwa mtoto wa chuo. Mwanga uliitangulia sauti. Wazee waliokuwa wakitengeneza nyavu walisimama wote, na baada ya moshi kuondoka na upepo wakakaa, wakaendelea na nyavu zao.

Hiyo Babylon nimeiona baadhi, kwa lugha nisiyoifuata vizuri. Swali langu ni moja. Ikirudi kwa katuni, si itakuwa rahisi kutiwa sauti za Kiswahili? Tamthilia za Kituruki zimetiwa, bibi yao hapa hakosi hata moja. Ila ukimtazama Mturuki unaona mdomo wake na sauti haviendi pamoja. Mchoro hauna lugha yake ya kuzaliwa.

MwanaShela

Shikamoo mzee wetu. Umeleta jambo ambalo sote tulilipita.

Mchoraji_wa_Barani

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, na faili zikiwepo, midomo inaweza hata kurekebishwa ifuate Kiswahili. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuchora upya. Watu wa kufanya hivyo wapo hapa hapa nchini. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi, vipindi 52, ikaanza kuonyeshwa Uingereza 2010. Katika Kizazi Moto ya 2023, mkusanyiko wa hadithi kumi za anga na mizimu kutoka Afrika, kuna Enkai ya Ng'endo Mukii, na ukiitazama rangi zake hutauliza tena kama Mkenya anaweza kuchora huzuni.

Kaka_wa_Maweni

Shikamoo mzee.

Nawajibu wote kwa pamoja. Mchoraji amenipa jawabu la dirisha na ninalikubali, kwa sharti lake la pesa. Hapo hapo ndipo hofu yangu ilipo. Pesa hizo hazitatolewa. Wale wa tamthilia ya Stargate walijaribu katuni mwaka 2002, Stargate Infinity, vipindi 26, waandishi wa tamthilia yenyewe hawakuhusishwa, michoro ya haraka haraka kwa ajili ya watoto wa Jumamosi asubuhi. Ikafa msimu mmoja, na mashabiki hawaihesabu. Studio ikisikia katuni inasikia rahisi. Halafu mtoto anawekewa kipindi ambacho mji mzima unapondwa kwa mawe, kwa sababu mama kaona michoro akadhani ni ya rika lake.

BintiMambrui

Na Star Trek ya 1973? Nayo ilikuwa ya Jumamosi asubuhi, vipindi 22, michoro ikirudiwa rudiwa kwa uchache wa pesa. Lakini waandishi walikuwa wa tamthilia yenyewe, na waigizaji karibu wote walirudi kutoa sauti. Mwanzoni studio ilitaka kuwaacha Nichelle Nichols na George Takei, Leonard Nimoy akagoma kushiriki mpaka wakaingizwa. Ikapata Emmy 1975. Tena The Clone Wars, katuni ya Star Wars, ilianza 2008 watu wakiidharau, ikafika vipindi 133, na wapo wanaoiona bora kuliko filamu zilizoizaa. Kinachoua ni kumwacha mwandishi nje. Huyu mwandishi yupo na anaitaka kazi.

Kaka_wa_Maweni

Hayo ya Nimoy siwezi kuyapinga.

Mkaazi_wa_Mkomani

Mzee wa Ngomeni amenifungua kichwa. Jurasik ile lafudhi ya Londo aliibuni mwenyewe, haipo popote duniani, mtu wa ukoo mkubwa uliofilisika anayesema kama bado ana watumwa nyuma yake. Kwa Kiswahili, Londo awe na Kiamu cha majumba makubwa. Nina ami yangu anasema vile, anakuagiza kikombe cha kahawa utadhani anasoma utenzi. Na akinyamaza, nyote barazani mnanyamaza. Mtu wa namna hiyo mwekeni mbele ya dirisha lile, nitaisikia sayari ikianguka hata nikifumba macho.

Na kwa Kiswahili sitamtafuta Katsulas. Sauti yoyote ya G'Kar itakuwa mpya kwa sote, hakuna wa kuigwa.

MwanaShela

Basi Delenn awe mtu wa wapi?

BintiMambrui

Delenn ni wa Siu. Taratibu, kila neno limepimwa, na akikasirika hapandishi sauti. Kuna wamama wa Siu wanaweza kukomesha ugomvi wa harusi kwa kuweka kikombe chini.

Mzee_wa_Ngomeni

Na yule mwenye madoa awe mtu wa mashamba ya huku kwetu, aliyenyang'anywa ardhi yake akaona hati imeandikwa jina la mwingine. Kicheko chake mtakipata bila kufundishwa.

Kaka_wa_Maweni

Mzee, kwa huyo nitakaa kitako nitazame.

Studio bado siziamini. Lakini Mchoraji, nikikuletea ile lifti ya msimu wa tatu, dakika mbili tu, bila picha zao, tukapata sauti mbili kutoka Amu na Ngomeni, wewe ungehitaji nini ili uichore?

Mchoraji_wa_Barani

Rekodi ya sauti kwanza, kabla ya mchoro wowote. Chumba kisicho na mwangwi, maikrofoni mbili, na hao wawili warekodiwe pamoja wakitazamana, wasirekodiwe siku tofauti. Halafu mniachie kicheko. Hicho nitakichora mwenyewe.